Historia ya Daftari la Nyufa

Katika miji ya pwani yetu, mtu aliyejaaliwa mali na imani alikuwa akichimba kisima kando ya njia, akakiweka wakfu, ili kila mpita njia apate kunywa bila ya kuulizwa kabila lake wala kudaiwa pesa. Na waliokuja baada yake, ikiwa ni watu wenye shukrani, walikisafisha kisima hicho na kuibadili kamba kila ilipolika. Historia ninayoisimulia hapa ni ya kisima cha namna hiyo, ila maji yake yalikuwa ni ilimu, na waliokichimba walikuwa Wamarekani wachache wenye kazi zao za mchana, ambao kwa miaka mingi walizitoa saa zao za usiku, bila ya ujira, ili kuandika daftari la nyufa za programu za kompyuta za dunia nzima. Waliokunywa walikuwa wengi mno. Walioshika kamba walikuwa wachache.

Neno ufa nalitumia kwa makusudi, na sharti nilieleze kabla ya kuendelea. Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo binadamu huyaandika na mashine huyatii bila ya kuhoji. Na kwa kuwa mwandishi wake ni binadamu, ambaye huchoka, husahau na hukisia, hapana programu kubwa isiyokuwa na mahali ambapo agizo limepungua au limezidi. Mfano ulio mwepesi ni wa chombo na kipimo: mwandishi hutenga katika kumbukumbu ya mashine nafasi ya herufi 100, mithili ya kibaba, ili jina la mtumiaji litiwe humo, asikumbuke kuandika agizo la kumzuia mtu mwenye nia mbaya asitie herufi 1,000; mtu huyo akizitia, zile zinazofurika humwagikia nafasi ya jirani, zikafuta yaliyokuwamo na kuketi mahali pake, hata mashine ikaanza kumtii mgeni kana kwamba ndiye mwenye nyumba. Huo ndio ufa. Kuta za nyumba zetu za mawe hupata nyufa zake kwa mvua na umri, lakini programu huzaliwa na nyufa zake, nazo hukaa kimya kwa miaka mpaka apatikane wa kuziona.

Dunia ilizinduliwa juu ya jambo hili tarehe 2 Novemba 1988, siku ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia katika intaneti changa ya wakati ule programu ndogo yenye kujizalisha, ikapenya katika nyufa za mitambo ya Unix, na mnamo saa chache maelfu ya kompyuta za vyuo na za jeshi zikalemewa hata zikashindwa kufanya kazi. Serikali ya Marekani ikaanzisha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kituo cha kushughulikia misiba kama hiyo, kiitwacho CERT. Kituo kile kilifanya kazi kwa utaratibu wa siri: kikiletewa habari ya ufa humwarifu mtengenezaji peke yake, kikangoja dawa ipatikane ndipo kitangaze. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake, kwani hapana haja ya kumwonyesha mwizi dirisha lililo wazi. Lakini mtengenezaji asiye na wa kumharakisha hukawia, na alipokawia, mwenye nyumba alilala usingizi akidhani kwamba amefunga. Kwa ajili hiyo mwezi wa Novemba 1993 Scott Chasin aliunda Bugtraq, mahali pa kupelekeana barua za elektroniki ambapo nyufa zilitajwa hadharani, pamoja na ushahidi wake, mbele ya watengenezaji, mafundi na wezi kwa pamoja. Mabishano yaliyozuka siku zile, kati ya wanaotaka siri na wanaotaka dhahiri, hayajesha hata leo. Mimi nimeyasoma ya pande zote mbili, na naona kwamba ufa uliofichwa humfaa zaidi mtu mmoja, naye ni yule aliyekwisha kuujua.

Katika hali hiyo, mnamo mwisho wa miaka ya 1990, ndipo ilipozuka nyumba ya kwanza ya kisa chetu, tovuti iliyoitwa Attrition, jina lenye maana ya kulika kidogo kidogo kama jiwe linalosuguliwa. Aliyeiongoza ni Brian Martin, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya Jericho, na pamoja naye walikuwako wasaidizi wachache waliojitolea, ambao wengi wao vilevile walijulikana kwa lakabu. Hawakuwa na mfadhili mkubwa, wala hawakuuza chochote cha maana.

Kazi iliyowapatia sifa ilikuwa ni kutunza nakala za tovuti zilizochafuliwa. Wakati ule vijana wadukuzi walikuwa wamepata starehe mpya: kuingia katika tovuti ya serikali au ya kampuni kupitia ufa, kuufuta ukurasa wake wa mbele, na kuandika humo matusi, majigambo au hoja za siasa, kama mtu apakaye rangi ukutani mwa mwenziwe usiku. Mwezi wa Agosti 1996 ilichafuliwa tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani, Septemba ya mwaka ule ule ikafuata ya shirika la ujasusi la CIA. Septemba 1998 ilikuwa zamu ya gazeti la New York Times, na Mei 1999 ya ikulu ya Marekani yenyewe. (Sisi wa Afrika Mashariki zamu yetu kubwa ilikuja baadaye, Januari 2012, tovuti zaidi ya 100 za Serikali ya Kenya zilipochafuliwa kwa mkupuo mmoja na mdukuzi wa Indonesia.) Wenye tovuti walipoamka waliyafuta yaliyoandikwa, wakarudisha ukurasa wao, na wengi wao wakakana au wakapunguza uzito wa yaliyotokea. Watu wa Attrition waliikataa suluhu hiyo ya kusahau. Kila walipopata habari ya uchafuzi walikwenda upesi, wakahakikisha kwamba ni kweli, wakachukua nakala ya ukurasa kama ulivyo, wakaandika tarehe na aina ya mtambo uliovamiwa, na kuiweka nakala ile mahali ambapo mwandishi wa gazeti, mtafiti au hakimu angeweza kuiona.

Walilaumiwa kwamba kwa kuzitunza nakala hizo waliwapa wachafuzi utukufu walioutafuta, na lawama hiyo ilikuwa na chembe ya haki ndani yake, kwani yupo mtu atakayevunja kioo kwa ajili tu ya jina lake kuandikwa. Hata hivyo bila ya daftari lile mtu asingeweza kusema kwa yakini ni mitambo ipi iliyokuwa ikivamiwa zaidi, wala ikiwa mambo yalikuwa yakizidi au yakipungua; na ilionekana kwamba yalizidi kwa kasi ya kutisha. Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya Uchina karibu na kisiwa cha Hainan, na wadukuzi wa nchi mbili hizo wakafanya tovuti kuwa uwanja wa vita vyao, huku mdudu wa kompyuta, yaani programu yenye kujizalisha kama ile ya Morris, akichafua maelfu ya tovuti nyingine bila ya mkono wa mtu. Ikawa siku moja huleta tovuti zaidi ya 100, mara tatu na zaidi ya zile zote za mwaka 1995 na 1996 zikijumlishwa, na mtu mmoja alilazimika kukaa saa nne au tano mfululizo akinakili tu ili asiachwe nyuma. Tarehe 21 Mei 2001 waliacha. Walieleza kwamba jambo walilolianza kwa mapenzi lilikuwa limegeuka sulubu isiyo na shukrani. Kazi ile ikachukuliwa na wengine wa Ulaya, kwanza Ujerumani kwa muda mfupi, kisha Zone-H iliyoanzishwa mwaka 2002 nchini Estonia. Lakini watu wa Attrition hawakulala.

Walikuwa na daftari jingine, na pengine ndilo lililowaletea maadui wengi zaidi. Waliliita Errata, yaani Makosa, na humo waliandika uongo na upotovu wa watu wa fani yao wenyewe: mwandishi wa gazeti aliyetia chumvi katika habari ya virusi, mtaalamu wa kujitangaza aliyedai vyeo asivyokuwa navyo, mwandishi wa kitabu aliyenakili kurasa za wenziwe akazitia jina lake, kampuni ya usalama iliyoshindwa kulinda mlango wake wenyewe. Walitishwa na mawakili mara kadhaa, nao wakazichapisha barua za vitisho pamoja na majibu yao. Lugha yao ilikuwa kali, mara nyingine kali kupita kiasi, na adabu ya mzee wa pwani isingeikubali. Lakini katika biashara ambayo mnunuzi hawezi kuonja alichouziwa mpaka siku ya kuibiwa, ni faida kubwa kuwa na mtu asiyeuza kitu, ambaye kazi yake ni kusema: huyu amesema uongo, na ushahidi ni huu hapa.

Sasa naingia katika daftari kubwa. Mpaka mwaka 1999 ufa mmoja uliweza kuwa na majina matatu au manne, kila kampuni na lake, hata fundi asijue ikiwa ameonywa juu ya mambo manne au juu ya jambo moja mara nne. Januari ya mwaka huo David Mann na Steven Christey wa shirika la MITRE walileta rai kwamba kila ufa upewe nambari moja ya kukubaliwa na wote, na Septemba ikatoka orodha ya kwanza ya CVE yenye nyufa 321. Hiyo ilikuwa kama rejista ya majina ya waliozaliwa: jina lipo, nambari ipo, lakini maelezo ni haba. Maelezo kamili yalikuwa katika hazina za makampuni. Ilipofika mwaka 2002, kampuni ya Symantec ikainunua SecurityFocus, iliyokuwa ikimiliki Bugtraq na hazina yake ya nyufa, kwa dola milioni 75. Na mafundi wengi, waliokuwa wameichangia hazina ile kwa mikono yao bila ya malipo, waliona kana kwamba kisima cha mtaa kimejengewa ukuta.

Agosti ya mwaka ule ule, katika mikutano ya wadukuzi na walinzi inayofanyika kila mwaka mjini Las Vegas, watu kadhaa, miongoni mwao H.D. Moore ambaye mwaka uliofuata alianzisha programu mashuhuri ya Metasploit, walikusudia kuwa na daftari la nyufa lililo huru, lisilo mali ya kampuni wala la kuipendelea kampuni yoyote, litakalotungwa na watu wa kujitolea. Lilipewa jina la OSVDB. Kama ilivyo desturi ya makusudio ya mkutanoni, shauku ya siku ile ilipoa upesi, na wengi wa walioanzisha wakaenda zao. Na kazi ikaangukia mikononi mwa wengine, Jake Kouns, Chris Sullo, Brian Martin na wenzao. Tarehe 31 Machi 2004 wakalifungulia umma. Baadaye waliunda Open Security Foundation, jumuiya isiyo ya faida, ili daftari liwe na mlezi wa kisheria.

Inafaa nieleze kazi yenyewe, kwani mtu asiyeijua hudhani kwamba ni kunakili tu. Habari ya ufa huja ikiwa imevunjika vipande: mgunduzi amesema jambo moja kwa maneno ya haraka, mtengenezaji ametoa tangazo la mistari miwili lililojaa kuficha, na mtu wa tatu amelitaja jambo lilo hilo kwa jina jingine. Mwenye kujitolea alichukua vipande hivyo, akasoma historia ya mabadiliko ya programu, akapima ikiwa ufa huu ni mpya au ni ule wa mwaka juzi uliovaa kanzu nyingine, akaandika kwa maneno yake sehemu iliyoathirika, jinsi ya kuingiliwa, dawa yake, na kisha tarehe: ya kugunduliwa, ya kuarifiwa mtengenezaji, ya kutangazwa, ya kupatikana dawa. Tarehe hizo ndizo zilizokuwa shahada. Kwazo iliweza kujulikana ni mtengenezaji gani huwajibika kwa siku saba na yupi hukaa mwaka mzima amekunja mikono. Kazi ilifanywa baada ya chakula cha usiku na siku za mapumziko, na wengi waliojiandikisha kwa hamu waliandika nyufa mbili au tatu, wakachoka, wasionekane tena, hata mzigo ukabaki mabegani mwa watu wachache mno.

Wachache hao walikuwa na mapenzi ya ajabu na mambo ya kale. Hawakuridhika na nyufa za leo, wakarudi nyuma mpaka miaka ya 1960, katika mtambo wa CTSS wa chuo cha MIT, mmoja wa mitambo ya kwanza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mtambo ule ulikuwa na programu ya kuhariri maandishi ambayo, kila ilipofanya kazi, ilitumia faili moja la muda lenye jina lile lile. Siku moja mkuu wa mtambo alikuwa akihariri salamu ya kila siku, na mwenziwe akihariri orodha ya maneno ya siri ya watumiaji. Mafaili mawili yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia katika mtambo akapokewa, badala ya salamu, na maneno ya siri ya watu wote. Ufa huo nao waliuandika, wakaupa nambari kama nyufa nyingine. Ukiniuliza ni lini mtu wa kuorodhesha hugeuka kuwa mwanahistoria, nitakuonyesha hapo.

Wakati huohuo nyumba ya Attrition ilikuwa ikiandika hasara ya namna nyingine. Jimbo la California lilikuwa limetunga sheria, iliyoanza kutumika Julai 2003, ya kuyalazimisha makampuni kuwaarifu watu ambao habari zao zimeibwa. Na mwaka 2005 kampuni ya ChoicePoint, iliyokuwa ikifanya biashara ya habari za watu, ilipokiri kwamba imewauzia matapeli kumbukumbu za watu zaidi ya 140,000, umma ulifadhaika. Wajitoleaji wakaanza kuyaorodhesha matukio hayo moja moja, na Julai 2008 orodha ikahamishiwa katika jumuiya ya Open Security Foundation kwa jina la DataLossDB. Pale ambapo kampuni ilinyamaza, waliandika maombi kwa serikali za majimbo kwa kutumia sheria za uhuru wa habari, wakapewa barua za kukiri ambazo makampuni yalikuwa yameziwasilisha kimyakimya, wakazisoma na kuziingiza katika orodha. Siku hizi ripoti nyingi za kitaalamu huzungumza juu ya wizi wa habari kwa takwimu na michoro. Zamani za orodha ile, kilichokuwapo ni watu wachache na bahasha za karatasi.

Daftari la OSVDB lilipita nyufa 100,000. Na kadiri lilivyokua ndivyo lilivyoliwa. Makampuni yenye kuuza ulinzi, yenye faida za mamilioni, yaligundua kwamba ni rahisi kuchota katika daftari la bure kuliko kuajiri watu wa kuandika. Wenye daftari waliweka sharti: mtu binafsi na mtafiti watumie bure, anayefanya biashara alipe au achangie kazi. Wengi hawakufanya hata moja. Mwaka 2014 walilalamika waziwazi kwamba kampuni zenye majina makubwa zilikuwa zikituma mashine kuchota kurasa kwa maelfu, baada ya kuelezwa bei na kukataa kulipa. Fikiri jambo hili: walinzi wa mali za watu, wakipita dirishani ili kuchukua kazi ya wajitoleaji waliowaorodheshea madirisha. Mimi sina neno laini la kulieleza tendo hilo, ni dhuluma.

Jake Kouns alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni ya Risk Based Security, ambayo iliwalipa watu kuandika nyufa na kuuza daftari kamili kwa wanaoweza kulipa, na kwa muda fulani daftari la umma liliishi kwa kutegemea lile la biashara. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini mtu aliyejitolea kwa zaidi ya miaka kumi, akaomba msaada mara nyingi na kupewa sifa tu, hastahili kulaumiwa anapotafuta namna ya kazi yake kuendelea kuwapo. Tarehe 5 Aprili 2016 lilitoka tangazo fupi: OSVDB imefungwa na haitarudi, wala hapatakiwi msaada wa mtu kwa sasa. Watangazaji walisema kwamba walikuwa wamepigania jambo hili kwa gharama kubwa ya nafsi zao, na kwamba wenye biashara ya usalama hawakutaka kulichangia.

Wengi walijifariji kwamba CVE ipo na serikali ya Marekani inailipia. Faraja hiyo ilitikisika. Nyufa zilizopewa nambari za CVE katika mwaka 2024 peke yake zilifika kiasi cha 40,000, na mwaka huo huo hazina ya nyufa ya taifa la Marekani inayoziongezea maelezo ilielemewa, ikaacha maelfu bila ya kuchambuliwa. Kisha tarehe 15 Aprili 2025 ikajulikana kwamba mkataba wa serikali na MITRE wa kuendesha CVE ungekoma siku ya pili yake, na mafundi wa dunia nzima, pamoja na wa vituo vyetu vya KE-CIRT na TZ-CERT, ambao maonyo yao huzitaja nambari hizo hizo, walikaa usiku mmoja hawajui ikiwa kesho ufa utakuwa na jina. Mkataba ukarefushwa kwa miezi 11 katika dakika za mwisho.

Daftari la OSVDB halijafunguliwa tena. Lakini Chris Sullo, mmoja wa waliolilea, alikuwa ameandika pia programu iitwayo Nikto, ya kukagua seva za tovuti, ambayo wanafunzi wa fani hii huitumia Nairobi, Dar es Salaam na kote duniani. Na kwa miaka mingi baada ya kufungwa kule, matoleo yake yaliendelea kuchapa, kando ya kila kasoro iliyopatikana, nambari za daftari lile. Mwanafunzi huona OSVDB-3092, huitafuta ili apate maelezo yake, na anwani iliyokuwa na maelezo hayo haijibu.